Ugali Uliponikwama, Walimtafuta Aliyepika

Kama ugali umeanza kukukwama, unaushushia na maji, na hujamwambia mtu yeyote, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni mistari michache ya jioni kabla ya kulala, mambo ya siku basi. Sijui kama nitayapanga vizuri. Nikikosea nitarudi nyuma nirekebishe, maana sitaki mtu asingiziwe katika maneno yangu. Kusingiziwa ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mama lishe hapa Tunduma, upande ule malori yanakosubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva anaweza kulala foleni siku kadhaa, na njaa yake ndiyo kazi yangu. Nawajua kwa midomo yao: yule Mzambia anayeniita "bamayo", yaani mama, na kuulizia nshima, ugali wa kwao, na yule wa kwetu asiyeshiba mpaka pilipili imtoe jasho. Basi mimi mwenye kulisha watu ndiye niliyeshindwa kula.

Ilianza wakati wa kupanda mahindi. Tonge likifika hapa, katikati ya kifua, linasimama kama lori lenye karatasi pungufu. Nashushia na maji, linapita. Nikadhani nakula haraka. Halafu nikadhani ugali ni mgumu, nikahamia wali. Wali nao ukaanza kusimama, nikahamia ndizi za kuponda, kisha uji. Nilikuwa nahama hivyo hivyo bila kujua kama nafukuzwa.

Zahanati walinipa dawa za vidonda vya tumbo. Zikaisha, wakanipa nyingine. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, lakini niseme haki: yule daktari alikuwa peke yake na foleni yake ilifika barabarani. Na mimi nilimwambia "kifua kinachoma". Sikumbuki kama nilimwambia kwamba chakula kinakwama. Labda nilimwambia. Labda nilisema "sina hamu ya kula", kwa sababu mama lishe kusema hawezi kumeza ni aibu.

Pale zahanati kulikuwa na mabango mawili ukutani, la saratani ya mlango wa kizazi na la saratani ya titi. Niliyasoma kila nilipokaa pale mpaka nikayajua kwa moyo. La koo halikuwepo. Sina ugomvi na yale mabango. Yamewaokoa wengine, na ninyi kina mama mnaosoma, nendeni mkapime. Ila ukuta ulikuwa na nafasi.

Mwenzangu mmoja wa sokoni, Mama Rehema, muuza dagaa, aliniangalia akasema, "Hicho ni kimeo, shoga yangu. Kimeanguka. Kakikate." Kwetu mtoto akikohoa sana huwa wanamkata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Mimi nilikatwa nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanne, nimekaa kwenye kigoda, nimeachama kama kinda la ndege, na mzee ananiambia, "Usitikisike, mama, wewe siyo mtoto." Nilitema damu mpaka jioni. Hata maji yalipita kwa machozi. Mama Rehema alikuja kunisugua mgongo akilia kuliko mimi. Hakunitakia mabaya. Alinipa alichokijua, na hakuna mtu aliyewahi kumpa kingine.

Mwili ukaanza kuondoka. Kitenge nilichokuwa nakifunga mara moja nikawa nakizungusha mara mbili. Madereva walianza na utani: "Mama, siku hizi unajipenda, unakonda kama mrembo!" Baadaye utani uliisha, wakawa wananiangalia bila kusema. Nilijua wanachofikiri, nikaenda kupima virusi. Sina. Nilifurahi sana siku hiyo. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango mmoja na kufungua mwingine, maana kwetu mtu akikonda na hana virusi, basi kuna aliyemkondesha.

Hapo niwatambulishe watu wawili. Wa kwanza ni mama mkwe wangu. Ukoo wake ni Nambeye, wote tunamwita Bibi Nambeye. Ni mjane, alitoka Momba kuja kukaa nasi. Kwa kuwa mimi nashinda nikipikia watu na kurudi nimechoka, nyumbani aliyepika ni yeye. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Nasema kwa moshi, kwa sababu wengine walisema mengine.

Wa pili ni kaka yangu Ambokile. Kwetu ni Ibaba, Ileje, milimani. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, na sijawahi kumuona akila kabla sijala. Alishuka na kiroba cha viazi mviringo, akanikuta nimelala mchana. Akaweka kiroba chini.

"Nani anakupikia?"

"Mama."

"Mama yupi? Mama yetu tulishamzika."

"Mama mkwe, kaka. Unamjua."

"Namjua." Halafu akasema kwa Kindali, lugha ya kwetu, ili Bibi Nambeye aliyekuwa uani asielewe, "Mdogo wangu, umelishwa."

Nataka mjue kwamba hakusema kwa ubaya. Mama yetu alikufa hivi hivi, kwa kukwama. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu alivyokuwa akitemea mate kwenye kopo. Walimtaja jirani mmoja, akahama na wanawe. Baba mdogo naye akafa kwa kukwama, wakamtaja mkewe. Kaka aliwazika wote wawili kwa mikono yake. Angejuaje? Alichofundishwa na maisha ni kwamba anayekwama ana aliyemlisha.

Lakini mimi nilipandwa na hasira, nikamwambia, "Kaka, mimi nalisha watu tangu alfajiri mpaka jioni. Kama mkono wa kulisha ndio unaua, Tunduma nzima ingekuwa makaburi."

"Wewe unalisha wageni. Mchawi halishi mgeni."

Tangu siku hiyo nikakatazwa kula alichopika. Uji wake ndio uliokuwa unapita. Alikuwa anausaga ulezi laini, anauchuja kwa kitambaa, anaukoroga na maziwa mpaka unateleza. Kaka akaleta binti wa Ibaba anipikie, na uji wa yule mtoto ulikuwa na mabonge. Bibi Nambeye alikuwa anakaa kizingitini akiangalia binti anavyokoroga. Siku moja alisema, "Chuja, mjukuu wangu." Binti akamwangalia kaka. Kaka akatikisa kichwa. Sikuchujiwa.

Mume wangu, Baba Jofrey, alikaa kimya. Kimya chake nilikichukia. Lakini upande huu mama yake, upande huu mimi na shemeji yake. Sijui mimi ningesema nini.

Zahanati hatimaye waliniandikia kwenda hospitali kubwa Mbeya. Kaka ndiye aliyenisindikiza, kwa sababu mume wangu asiposhusha mizigo mpakani siku hiyo nyumbani hapaliki. Kondakta aliniona ninavyotemea mate kwenye chupa, akamwinua kijana siti ya mbele, "Mpishe mama, dirishani kuna hewa." Yeye sidhani kama anakumbuka. Mimi sijasahau.

Mbeya waliniingiza mpira wenye kamera, wakachukua kipande cha nyama. Sitawaeleza zaidi, ila usiogope, unapita. Kinachoumiza ni kusubiri. Tulirudi siku nyingine kuchukua majibu, tukakaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha daktari. Ule ukaaji ndio sitausahau maisha.

Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja wa Rungwe, amejifunga kanga mbili, mkononi ana kopo la kutemea kama la mama yangu. Akaniuliza, "Wewe kinakwama wapi?" Nikamwonyesha kifuani. Akacheka. "Hapo hapo. Tumepanda gari moja." Mbele yetu alikuwepo mzee wa Sumbawanga, mwembamba, koti limemmeza. Akadakia, "Na mimi nimo humo garini." Na kijana wa Makete, hajafika hata miaka arobaini, akainua mkono kama mwanafunzi.

Mama wa Rungwe akauliza bila haya, "Ninyi waliwatajia nani? Mimi mke mwenzangu."

"Mimi bosi wangu wa mbao," akasema kijana.

Mzee akakohoa kidogo. "Mimi walinitajia mdogo wangu wa tumbo moja. Huyu hapa." Akampiga bega mwanaume aliyekaa naye, mwenye mfuko wa chupa za maji. "Ndiye mchawi wangu. Anaamka alfajiri kunibebea maji ya kunywa."

Yule mdogo akasema, "Nimeloga vibaya. Ningejua kuloga ningemloga anipe lile shamba la bondeni."

Tulicheka, na mnajua kucheka kwa mtu asiyeweza kumeza, mate yanakupalia. Tulikohoa benchi zima. Nikamwangalia kaka. Hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule mdogo mtu kama aliyeona kioo.

Nikaitwa. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alisema, "Mama, ni saratani ya koo la chakula." Akasubiri. Halafu, nadhani ili kunituliza, akasema, "Huu ni ugonjwa wa kawaida kanda hii. Tunauona kila wiki."

"Wa kawaida kwa nani, daktari?"

Akainua macho.

Nikamwambia, "Kwetu si wa kawaida. Kwetu ni wa mtu mmoja mmoja, na kila mmoja ana mchawi wake. Kama ninyi mnauona kila wiki, mbona sisi hatukuambiwa?"

Hakujibu vibaya. Alisema, "Uko sahihi, mama." Na akanieleza taratibu kuhusu Dar es Salaam na mionzi. Baadaye nilijuta kumsemea yeye, maana yeye si serikali, ni kijana anayetazama makoo ya watu kutwa. Lakini maneno siyarudishi. Wa kawaida! Bei ya nyanya ikipanda Mbeya, Tunduma tunajua kabla ya saa nne. Kunguni wa malori wakifika Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tunajua. Lakini ugonjwa uliomuua mama yangu, baba yangu mdogo, na karibu uniue mimi, unajulikana ofisini kwamba ni wa kawaida, na habari yake haijawahi kupanda mlima wa Ibaba.

Nje nilimwambia kaka, "Umesikia benchi lile? Na hao wote aliwalisha Bibi Nambeye?"

Akatembea kidogo. Akasema, "Hao ni ugonjwa. Wako ni mkono wa mtu."

Nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara ya hospitali. Sikuwa na nguvu ya kumpiga.

Dar es Salaam nilikaa kipindi chote cha kipupwe, ingawa kule hawakijui. Nyumbani watu walikuwa wanavaa masweta, mimi natokwa jasho kwenye foleni ya mionzi. Kifua kiliungua kwa ndani, ngozi ya mgongo ikawa nyeusi kama ndizi iliyolala. Walinipitisha mpira puani wa kunilishia, nikawa nalishwa kama mche wa kahawa, chini ya shina. Kwa dripu za dawa ya saratani nywele zilitoka kwa mafungu. Ladha ya kila kitu ilikuwa shaba. Wenzangu wa wodini tuligawana vitu vidogo: huyu ndimu ya kunusa, huyu mafuta ya midomo. Mama wa Rungwe naye alikuja. Hakurudi kwao. Sitaandika zaidi hapo.

Kulikuwa na sista mmoja, muuguzi wa makamo, aliyependa kutufundisha foleni ikikwama. Nikamuuliza kama kweli ugonjwa wangu ni wa kawaida. Akasema, "Kwa kina mama nchi hii, ya mlango wa kizazi ndiyo inaongoza, halafu titi. Kwa kina baba ni tezi dume. Hii ya koo nayo iko juu huko huko, kwa baba na kwa mama. Na hao ni waliofika hospitali tu. Waliobaki nyumbani nani anawahesabu?"

Nilitaka kumwambia: wanahesabiwa, sista. Kwetu tunawahesabu vizuri sana, ila upande mwingine. Ninyi mnahesabu wagonjwa, sisi tunahesabu wachawi. Mama yangu kwenye hesabu yenu hayumo, lakini yule jirani aliyehama yumo kwenye hesabu yetu mpaka leo, na wanawe wamo.

Sikusema. Kwa ule mpira puani, swali moja lilikuwa limenimaliza pumzi.

Mionzi ilipokaribia kuisha, Baba Jofrey alipiga simu, akaanza na hali ya hewa. Nikajua kuna jambo. Mama yake alikuwa ameenda kwao Momba kuvuna ufuta. Wakati huo huo kijiji kile kiliita lambalamba, watu wanaozunguka kusaka wachawi. Kaka Ambokile alisafiri kutoka Ibaba mpaka kule, akasimama mbele za watu, akalitaja jina la Bibi Nambeye. Wakachimba sakafu ya nyumba yake, wakasema wameona pembe ya uchawi. Wakamnyoa kichwa hadharani, ndiyo kumvua uchawi. Serikali imekataza mambo hayo na mtendaji alikuja, ila alifika nywele zikiwa chini.

Niliporudi Tunduma nilikuwa nimeanza kumeza. Kwanza maji, halafu uji, halafu siku moja, Mungu mkubwa, kipande cha parachichi. Kaka alikuja akanikuta nakula. Alipiga magoti akashukuru, machozi kabisa. Halafu akainuka.

"Unaona?"

"Naona nini?"

"Ulianza kumeza lini?"

Nilijua. Ilikuwa wiki ile ile waliyomnyoa.

"Wiki ile ile," akasema. "Mionzi ulipigwa muda wote huo hujameza kitu. Kanyolewa, umemeza. Mimi nimekuokoa, mdogo wangu. Nichukie ukitaka."

Sijawahi kukasirika hivyo, na nimewahi kuibiwa sufuria nzima ya pilau. Uponyaji wangu mwenyewe walikuwa wameugeuza shahidi dhidi ya mtu. Kila tonge nililomeza lilikuwa linamfunga Bibi Nambeye. Nikamwambia, "Yule mzee wa Sumbawanga niliyepigwa naye mionzi, alipoanza kumeza, walimnyoa mdogo wake? Wale wote wa foleni ya Dar es Salaam wanaomeza leo, wamenyolewa kina nani? Nchi hii ingekuwa haina mwenye nywele."

"Sijui ya wengine."

"Ndiyo. Hujui ya wengine. Hakuna aliyekwambia, na ulipoambiwa hukutaka."

Sisemi uchawi hakuna. Sina elimu ya kusema hivyo. Hata daktari nilipomuuliza kwa nini mimi, alisema kwa mtu mmoja hawezi kujua sababu. Nasema hivi tu: kitu kinachowapata watu wa Ileje, Rungwe, Sumbawanga na Makete, wasiojuana, hakiwezi kuwa kimetoka kwenye sufuria moja ya bibi mmoja.

Nilikwenda Momba na mume wangu. Tulimkuta Bibi Nambeye kwa binti yake, amejifunga kilemba cheusi, anapepeta. Hakuinuka. Baba Jofrey, aliyekaa kimya miezi yote, alipiga magoti vumbini akasema, "Mama, turudi. Nilinyamaza." Nikamwona mama akimwangalia muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. "Unameza?" akauliza. Nikasema nameza. Akasema, "Basi," akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, ndipo akaenda kufunga nguo zake.

Tukaita kikao cha pande zote mbili, nyumbani kwetu. Kaka alikuja, hilo namshukuru. Nikamwomba Bibi Nambeye apike uji, nikaunywa mbele yao wote, bakuli zima, taratibu. Kaka mwishoni alisema, "Mungu amekuponya," wala hakumwangalia Bibi Nambeye. Nampenda kaka yangu. Hajaomba radhi.

Wewe unayekwamwa, mwambie daktari neno lenyewe, "chakula kinakwama", usiseme kifua. Usikate kimeo. Na wakikuuliza nani anakupikia, waulize wao, "Kwani waliokwama ni wangapi?"

Mimi bado naenda Mbeya kuangaliwa. Hawasemi nimepona, wanasema tuendelee. Nimerudi kwenye sufuria zangu, nusu siku. Nyumbani anapika Bibi Nambeye. Nywele zimeota, nyeupe zaidi. Lakini kila akinitengea, kabla sijagusa anachota kijiko kimoja, anakunywa yeye kwanza, anameza, kama mwenye pombe anavyoionja mbele ya wageni wasiomwamini. Kila siku. Nimemkataza mpaka nimechoka.

"Mama, acha kuonja. Mimi sijawahi kukushuku."

"Najua, mwanangu. Sionji kwa ajili yako."

Na anapoonja huwa amegeukia mlango. Mlango huuacha wazi, ili anayepita barabarani amwone.